Maswali ya umbali na uelekeo: kosa langu lilikuwa kwenye mchoro

Kwa muda mrefu niliamini sijui trigonometria. Kumbe sini, kosini na tanjenti nilizijua vizuri tu. Ukinipa pembetatu mraba iliyokwisha kuchorwa, ukanitajia pembe moja na upande mmoja, namaliza kabla hujakaa. Ila swali likianza na "Meli iliondoka bandarini...", kichwa kinakuwa kizito.

Swali lililonifumbua macho ni hili: boti inasafiri kilomita 12 kwa uelekeo wa digrii 060 (yaani digrii 60 kutoka kaskazini, kwa mwendo wa saa), kisha inageuka na kwenda kilomita 5 kwa uelekeo wa digrii 150. Sasa iko umbali gani kutoka ilikoanzia, na kwa uelekeo upi? Niliona 5 na 12, nikamkumbuka Pythagoras (kwenye pembetatu mraba, mraba wa upande mrefu ni jumla ya miraba ya pande mbili fupi), nikaandika 13. Kisha tanjenti, 5 gawanya kwa 12, pembe ikawa digrii 22.6. Nikapiga mstari chini ya jibu kwa kujiamini.

Umbali ulikuwa sahihi, uelekeo ulikuwa kosa. Na hata ile 13 niliipata kwa kubahatisha, maana sikujiuliza ni nani aliyesema kwamba pale boti ilipogeukia pana pembe mraba.

Nilipourudia mchoro wangu, niligundua una mshale mmoja tu wa kaskazini, umekaa pembeni mwa karatasi kama pambo. Nikachora upya: mshale mmoja pale boti ilipoanzia, mwingine pale ilipogeukia. Mishale hiyo ni sambamba, kwa hiyo pembe zinahamishika kutoka mmoja kwenda mwingine. Ukisimama kwenye kona na kutazama ulikotoka, unatazama digrii 240, yaani 60 ongeza 180. Unakokwenda ni 150. Tofauti yake ni 90. Haya, pembe mraba ipo, Pythagoras aingie kwa haki. Na ile 22.6 haikupimwa kutoka kaskazini. Ilipimwa kutoka kwenye mstari wa safari ya kwanza, ambao tayari umeiacha kaskazini kwa digrii 60. Ukijumlisha unapata 82.6, takriban uelekeo wa digrii 083.

Tangu hapo sikokotoi chochote kabla sijaweka mshale wa kaskazini kwenye kila kona.

Kosa la pili lilinisumbua zaidi. Nilikuwa nimekariri kwamba kosini ni ya upande wa mlalo na sini ni ya wima. Hilo ni kweli pembe ikipimwa kutoka kwenye mstari wa mlalo. Uelekeo wa dira hupimwa kutoka kaskazini kwa mwendo wa saa, kwa hiyo mambo yanapinduka: sini inakupa mashariki, kosini inakupa kaskazini. Kwa boti yetu, kilomita 12 za kwanza ni 12 × sini 60 = 10.39 mashariki na 12 × kosini 60 = 6 kaskazini. Kilomita 5 zinazofuata ni 2.5 mashariki na 4.33 kusini. Jumla: mashariki 12.89, kaskazini 1.67. Tafuta pembe ambayo tanjenti yake ni 12.89 gawanya kwa 1.67, na ile 82.6 inarudi yenyewe. Siku jibu hilo lilipotokea kwa njia ya pili nilicheka peke yangu.

(Kama kikokotoo kikikuambia boti iliyokwenda mashariki imeishia magharibi, angalia kama hakijawekwa kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe, badala ya digrii. Mimi kilinipotezea jioni nzima.)

Maswali ya minara yalikuwa mepesi zaidi, ila nayo yana mtego wake. Mtu yuko juu ya mnara wa taa wenye urefu wa mita 40, anaiona meli kwa pembe ya mwinamo ya digrii 18. Nilikuwa naiweka hiyo 18 kati ya mnara na mstari wa macho, nikapata meli iko mita 13 kutoka kwenye mnara. Meli gani hiyo, iliyokwisha panda juu ya miamba? Mwinamo hupimwa kutoka kwenye mlalo wa macho kushuka chini, na huo mlalo ni sambamba na bahari, kwa hiyo 18 inakaa kule kwenye meli. Umbali ni 40 gawanya kwa tanjenti 18, yaani mita 123.

Baadaye nikakutana na swali la kilomita 8 kwa uelekeo wa 040, kisha 6 kwa 100. Kwenye kona: 220 toa 100 ni 120. Hakuna pembe mraba. Zamani ningeandika 10 bila kusita, kwa kuwa 6 na 8 zinatamanisha. Safari hii nilizigawa safari mbili vipande vya mashariki na kaskazini, kila kipande kikiwa na pembetatu mraba yake: mashariki 11.05, kaskazini 5.09. Umbali ni kilomita 12.17, uelekeo 065.