Mitutu Miwili Juu ya Taulo

Bunduki mbili zilikuwa zimelazwa juu ya taulo nyuma ya duka la muuzaji mwenye leseni, kisiwani Mombasa, na mimi nilikuwa nimeshachagua kabla sijagusa hata moja. Cheti nilikuwa nacho mfukoni, maana Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hairuhusu kununua bunduki wala risasi bila hicho. Ile ya kushoto ilichongwa nakshi ya kwale wakiruka, na mbao yake ilikuwa na mawimbi kama hariri. Ya kulia, Beretta, ilikuwa nyeusi tupu, kitako kimepauka.

Ami, aliyewinda kabla ya serikali kupiga marufuku uwindaji 1977, nakshi hakuitazama.

"Kwanza sema, wapigia nini?"

"Visahani, Ami," nikajibu, yaani zile shabaha ndogo zinazorushwa hewani.

"Basi hiyo ya nakshi ni ya ndege. Itie mizanini."

Ilikuwa kilo 2.9. Ile nyeusi, 3.6. Mwindaji hubeba bunduki kutwa nzima akapiga risasi tano. Mpiga visahani huileta begani mara 100 asubuhi moja. Bunduki nyepesi humtwanga bega, na bega likishaogopa, macho huanza kufumba kabla ya triga. Tena mitutu ya ile ya nakshi ilikuwa sentimita 66. Mtutu mfupi ni mwepesi kuondoka na mwepesi kusita, na kusita ndiko kunakokosesha: kisahani kinakwenda, mtutu umesimama, marisau, zile punje ndogo za risasi, yanapita nyuma. Ile nyeusi ilikuwa na 76, urefu unaowafaa wengi.

Zote mbili zilikuwa geji 12, kipimo cha upana wa mtutu, mtutu mmoja juu na mwingine chini. Kwa mchezo huu mpangilio huo una faida kuliko mitutu ya ubavu kwa ubavu. Jicho huona mstari mmoja mwembamba. Mtutu wa chini hupigwa kwanza kwa kuwa uko karibu na usawa wa bega. Teke lake hurudi moja kwa moja, mdomo haurukii juu sana, na risasi ya pili iko tayari. Ndiyo maana mtutu wa chini hupewa mbano mdogo mdomoni, ule wembamba unaozuia marisau yasitawanyike upesi, na wa juu mbano zaidi: risasi ya pili hukikuta kisahani kimeshakwenda mbali.

Sasa Ami akazifungua, akahakikisha chemba ni tupu, akazitenganisha sehemu tatu tatu. Akaining'iniza mitutu ya ile nyeusi kwa kidole, akaigonga kwa ukucha. Ikalia ng'iii, kama kengele ndogo, sauti ikakawia. Akagonga ya nakshi. Ikatoa mlio wa kikombe chenye ufa.

"Wasikia? Ukanda wa juu umeachia."

Alimaanisha ule ukanda mwembamba unaopita juu ya mitutu, ambao jicho hufuata. Madini ya kulehemu yaliyoushika yalikuwa yameachia mahali, na kwa hewa yetu ya chumvi unyevu huingia humo chini na kula chuma pasipoonekana. Nilipitisha ukucha kando yake, ukatoka na unga mwekundu. Muuzaji akasema ni vumbi. Hatukubishana naye.

Ile nyeusi nayo haikupita bure. Ami aliivua mbao ya mbele, akaifunga bunduki, akaitikisa akiwa ameshika kitako: ikilegea hapo, bawaba imekwisha, kwani mbao ya mbele huficha ulegevu. Haikulegea. Wenzo wa kufungulia ulisimama kidogo kulia ya katikati. Ukivuka kwenda kushoto, kufuli limelika. Akaitazama mitutu ndani kwa mwanga wa dirisha, akiizungusha polepole. Duara za mwanga zikikunjika mahali, pana mbonyeo. Ya juu ilikuwa safi, ya chini ilikuwa na madoa mawili ya kutu karibu na chemba, yasiyo na kina. Kwa hayo tukashusha bei.

Mwisho akanisimamisha mbele ya kioo, bunduki tupu. "Fumba macho, ilete shavuni, fumbua." Mboni yangu ya kulia ilionekana imekaa katikati ya ukanda, juu yake kidogo tu. Ikizama nyuma ya chuma, kitako kimeshuka mno na marisau yatapita chini. Ikielea juu sana, yatapita juu. Ile ya nakshi ilinilazimisha kuinua shavu kila mara, na shavu likiinuka kwenye kiwanja hakuna wa kukuambia.

Ila urefu wa kitako cha ile nyeusi ulinipungukia. Kidole gumba kilikuwa karibu kunigusa pua, na teke lingekisukuma huko. Kabla ya kulipa tuliiomba kiwanjani tukapige ubao: karatasi kubwa yenye alama katikati, mita 15, risasi sita za gramu 28, kila moja kwa kuinua bunduki upya bila kulenga kwa uangalifu, maana ukilenga kama bunduki ya risasi moja unapima jicho, hupimi kitako. Wingi wa marisau ulikaa sentimita 5 kushoto ya alama. Kwa umbali huo kitako kikihama milimita 1.6, pigo huhama kama sentimita 2.5, kwa hiyo kosa lilikuwa la milimita tatu tu. Fundi aliongeza raba ya milimita 12 nyuma ya kitako, akaipinda mbao kidogo kwa mafuta ya moto, siku mbili.

Jioni niliporudi nayo nyumbani niliifuta, nikataka kuifungia kwenye kasha la chuma. Ami akaishika chini ya taa, akaigeuza. Karibu na mdomo wa mtutu wa juu palikuwa na alama ya kidole gumba, mistari yake yote ikionekana.

"Kesho alfajiri hiyo ingekuwa nyekundu," akasema, akanirudishia kitambaa.