Gauni lililorudi

Gauni la kwanza nililouza lilirudi baada ya wiki moja. Mteja alilifua, likapanda juu ya magoti. Nilikuwa nimekata kitenge kikiwa bado na wanga wa dukani, sijakiloweka. Nikamrudishia hela yake yote, nikalia kidogo, nikarudi kwenye cherehani.

Siku hizi hakuna kitambaa kinachoguswa na mkasi kabla ya kulala kwenye beseni. Halafu kuna kulinganisha maua: ukitaka ndege wa kushoto amtazame wa kulia katikati ya kifua, kitambaa kinaliwa kweli kweli. Mteja haoni hesabu hiyo, anaona bei tu.

Na ndiyo, najua, wapo wanaosema kitenge asili yake si Afrika: Waholanzi waliiga batiki ya Java, kisiwa cha Indonesia, kwa mashine karne ya 19. Mama hajali. Kwake ni kitenge, basi.