Picha za chumbani: mwenye mwili ndiye mwenye picha

Ukitaka kujua mwanamke anauonaje mwili wake, mtafute kwenye picha za sherehe za watu wengine. Mimi ni mpiga picha, na kazi yangu kubwa hapa Kampala ni harusi na kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa familia ya bibi harusi, na nimewaona wengi: mama amependeza, gomesi, lile vazi refu la heshima la wanawake wa huku, imekaa, mkanda umefungwa vizuri kiunoni, lakini kamera ikiinuliwa tu anarudi nyuma, anamvuta mtoto wa watu mbele yake, au anaushusha mkoba tumboni na kuukumbatia. Nikimwambia, "Mama, weka mkoba chini," mkoba unawekwa, na mikono inashika zamu.

Hao ndio wateja wa kazi yangu ya pili, ambayo haimo kwenye kibao cha studio: picha za chumbani, boudoir kwa jina lake la Kifaransa. Mwanamke anapigwa picha faraghani akiwa na nguo za kulalia, au leso, au shuka, kwa kiasi anachotaka mwenyewe. Watu wanadhani ni kazi ya wasichana wembamba wa kwenye mtandao. Wanaokuja kwangu wengi ni akina mama wenye watoto wakubwa.

Mmoja ameniruhusu nisimulie habari zake bila jina. Anauza vitenge Kikuubo, ni mzaliwa wa Arua, umri umepita hamsini. Kiswahili chake amekipata sokoni na kwa wateja wake wa Kongo. Mimi changu nimezaliwa nacho Majengo, Mombasa, kabla ya ndoa kunileta huku. Alikuja kutazama kwanza, akakaa ukingoni mwa kiti kama aliyepita tu. Akaniambia, "Mwanangu, mimi si mtu wa picha. Weusi wangu huu, kwenye picha yanabaki meno peke yake."

Maneno hayo nayasikia mara kwa mara, na kila nikiyasikia yananiuma, kwa sababu mwanamke anaubebesha mwili wake kosa la mashine. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilisambaza kwa maabara za picha kadi za kupimia rangi, na aliyekuwa kwenye kadi hizo ni mwanamke wa Kizungu. Ngozi yake ikitoka sawa, kipimo kimekubali. Ngozi zetu zilijitafutia wenyewe. Kamera za leo ni bora, lakini nazo zikiachwa zijiamulie zinakosea. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera huchukulia kwamba kila kilicho mbele yake kina mng'ao wa wastani. Mlaze mwanamke mweusi juu ya shuka jeupe, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso wake unageuka masizi. Halafu anaambiwa tatizo ni rangi yake, anatumia programu ya simu ya kung'arisha ngozi, na wengine wanaishia dukani kununua krimu za kujichubua.

Ndiyo maana chumba changu hakina shuka jeupe, ingawa picha nyingi za aina hii mtandaoni zinapigwa kwenye vyumba vyeupe pe. Nina pazia la kijani kibichi kilichokolea, kitanda cha mbao na leso za rangi ya damu ya mzee na haradali. Dirisha linatazama mashariki na lina pazia jepesi la kulainisha mwanga. Huku karibu na ikweta jua linapanda upesi, kwa hiyo mwanga wa ubavuni, ule unaopita juu ya bega na kuchora mstari wa shingo, unapatikana asubuhi mpaka kama saa tatu. Baada ya hapo ni mkali, na mimi sipendi taa za studio kwa kazi hii. Zinamkumbusha mtu kwamba anatazamwa.

Mama yule aliporudi siku yake alikuja na kikopo cha mafuta ya shea, ya kwao. Hakuyaleta kwa ajili ya picha. Ni mazoea yake tu ya kujipaka baada ya kuoga. Nikamwomba ajipake palepale, mbele ya dirisha. Aliyachota kwa kidole, akayayeyusha katikati ya viganja, akaanza na kiwiko, akapanda begani, akashuka kwenye mfupa wa shingo. Ngozi nyeusi yenye mafuta haing'ang'aniwi kwa kuongezewa mwanga. Unauacha mwanga uteleze juu yake, nayo inakuonyesha kila mviringo. Nikapiga picha ile mikono ikiwa kazini, kabla hajajua kwamba tumeanza. Nikamgeuzia kamera aone.

Akakaa kimya. Akaivuta picha kwa vidole kuikuza, akatazama bega. "Huyu ni nani?" Nikamwambia, "Ni wewe, mama." Akasema, "Basi mama yangu alikuwa mzuri," kwa sababu alimwona mama yake pale. Kuanzia hapo alikaa sawasawa kwenye kiti.

Tumbo hatukulificha wala hatukulionyesha kwa makusudi. Alijifunga leso chini ya kitovu, akalala ubavu, michirizi ya uzazi ikawa inaonekana. Kwenye kompyuta huwa naondoa chunusi na alama ya lastiki ya nguo, vitu vya siku mbili. Michirizi, mishono ya operesheni na ukubwa wa kiuno sivigusi, hata nikiombwa. Nikimpunguza kiuno nimekubaliana na wote waliomwambia kwamba alivyo hafai. Wapo wapiga picha wazuri wasiokubaliana nami hapa, na wateja wengine wamekwenda kwao.

Lakini uzuri wa picha ni nusu tu ya jambo, pengine chini ya nusu. Jambo lenyewe ni nani anayeishika picha hiyo. Mwaka 2014 ilitiwa sahihi hapa Uganda Sheria ya Kupambana na Ponografia, ile watu walioiita sheria ya sketi fupi, na kuna wanawake waliovuliwa nguo barabarani na vijana waliojipa kazi ya kuitekeleza. Waliovujishiwa picha na wapenzi wao wa zamani ndio waliotishiwa kukamatwa. Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vyake vikuu Agosti 2021, na tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha inayotaka ridhaa ya mtu kabla taarifa zake hazijachukuliwa na kutumiwa. Hata hivyo wateja wangu wanazungumza kana kwamba mambo yale yalitokea jana, na wana haki. Mwanamke wa hapa amezoea kwamba picha yake ni silaha mkononi mwa mtu mwingine.

Basi kwangu simu haiingii chumbani, ya yeyote. Msaidizi wangu ni mwanamke na anabaki nje mpaka aitwe. Tukimaliza, mteja anakaa mbele ya kompyuta isiyo na intaneti, anabonyeza mwenyewe: hii ibaki, hii ifutwe. Kwa kawaida picha iliyofutwa huweza kurudishwa kwa programu, kwa hiyo baadaye naijaza kadi yote ya kamera kwa video ya ukuta mtupu, naifuta tena, naye akiwa anatazama. Asiyeridhika hata na hilo anaondoka na kadi yenyewe. Bei yake nimeihesabu ndani ya malipo.

Mama wa vitenge alifuta nyingi. Mojawapo niliipenda sana, amecheka mpaka macho yamefumba. Akasema, "Hii hapana," na ikapotea. Nilimwona namna alivyobonyeza, na naamini ujasiri ninaousikia ukizungumzwa kwenye picha hizi unatoka hapo zaidi kuliko kwenye nguo za lesi. Ameonekana alivyo, kisha yeye ndiye aliyeamua.

Kwetu pwani hili si geni kabisa. Bibi harusi anasingwa kwa liwa na karafuu, anafukizwa udi, anazungukwa na wanawake wanaoutazama mwili wake na kuusifu, na somo wake anamfundisha asiuonee haya. Waganda wana ssenga, shangazi mwenye kazi hiyohiyo. Ila mafunzo hayo yote yanamwandaa kwa ajili ya mume. Ndiyo maana kila anayekuja namuuliza kwanza: picha hizi ni za nani? Akisema kuna mwanamume anayezisubiri kwenye WhatsApp, au aliyemwambia amenenepa na sasa anataka kumwonyesha, namwomba akae nalo kidogo kabla hatujapanga siku. Wengine wanarudi, wengine hawarudi.

Wapo pia wanaonipigia kuuliza kuhusu dini, na mimi ni Mwislamu, swali hilo silipuuzi. Simshawishi mtu. Nilishawahi kumpiga picha dada aliyetaka mikono yake tu yenye hina na nywele zake mgongoni, uso hauonekani, na zilikuwa kati ya picha bora nilizowahi kupiga.

Ukiamua kwenda kwa mpiga picha yeyote, muulize mapema nani atakuwa chumbani, picha zitahifadhiwa wapi na kwa muda gani, nani atazisafisha kwenye kompyuta, na kama zitaonekana popote kama tangazo. Taka majibu kwa maandishi na sahihi yake. Omba kukiona chumba siku nyingine kabla ya siku yenyewe, na uende na ndugu au rafiki. Akikukatalia hilo moja tu, usilipe.