Tatu nane na moja

"Zikishakuwa tasa, Baba Neema, ndiyo tunafanyaje?"

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anachambua mlenda, hata kichwa hakuinua. Ni Neema aliyecheka, na hicho kicheko ndicho kilichoniingia.

Nilikuwa nimemwandikia mtoto nyuma ya daftari la madeni: 31, 331, 3331, 33331. Zote namba tasa, hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Unaongeza 3 mbele, tasa tena, mpaka 33333331, saba mfululizo! Nimesimama mkono juu kama mhubiri wa stendi. Ndipo mama yake akauliza.

Wiki hii tumemzika baba mkubwa Kondoa, ofisi nayo imetuhamishia jengo jingine kule Mtumba, na njia nzima kwenye basi mimi natafuta jibu. Ningemwambia siri za benki zinalindwa kwa namba tasa. Kweli, ila zile ni ndefu mno na huokotwa kwa kubahatisha. Hizi zangu zenye mpangilio mwizi angeanza nazo. Au ningemtajia zile za moja tupu: 11 ni tasa, 111 ni 3 mara 37, halafu unangoja mpaka moja 19 zijipange ndipo uipate nyingine. Kisha moja 23. Kisha 317. Ya moja 1031 ilithibitishwa mwaka 1986 na Hugh Williams na Harvey Dubner. "Walilipwa?" Namjua, angeuliza hivyo hivyo.

Jana usiku Mama Neema kafunga hesabu za duka, kikokotoo hakiachi. Nikajua mauzo yamepelea.

"Mbona uliishia tatu saba?"

"Wapi?"

"Kwenye daftari langu. Nimeongeza tatu ya nane. 17 inaingia."

Akanigeuzia kioo cha kikokotoo: 19607843, hakuna baki. Alikuwa ameshapita 7, 11 na 13, moja moja. Kwamba mpangilio unakatikia hapo nilikuwa nalijua siku zote, nikanyamaza kimya.

"Nilijua tu haziwezi kwenda hivyo," akasema, kwa sauti ile ile anayowasemea wateja wa mkopo. Akazima taa. Mimi nimelala natabasamu gizani, mtu mzima na ndevu zangu.

Asubuhi mama kapiga simu kutoka Mpwapwa. Mtama umeshika vizuri, lakini kwelea kwelea wameonekana ng'ambo ya korongo, na kijana wa kuamia ndege ameondoka kwenda machimboni. Sijui nimpate nani kabla ya Jumatatu.