Unga wa nyumbani tulikuwa tunanunua

Foleni ya mashine ya baba yangu nimeipanga kama mtoto mwingine yeyote wa Kibaigwa. Ndoo tupu ya unga kichwani, hela nimeifunga kwenye pindo la kanga, nasubiri zamu. Wenzangu walikuwa wananicheka: wewe si mtoto wa mwenye mashine? Ndiyo. Na mwenye mashine mwenyewe alikuwa amekaa pale mlangoni kwenye kigoda, nyusi nyeupe kwa vumbi la unga. Anapokea hela yangu, ananirudishia chenji, ananiambia nisogee pembeni nisiwazibie watu njia.

Kwa asiyepajua, Kibaigwa ipo wilaya ya Kongwa, kwenye barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, na mahindi ndiyo yanayopaweka mjini. Msimu ukifika, kuanzia mwezi wa tano hivi, malori yanajipanga, wachuuzi wanagombana na wakulima kuhusu lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, na kila aliye na akiba ananunua gunia mbili tatu akisubiri bei ya Januari. Kwetu kulikuwa na mashine mbili, ya kukoboa na ya kusaga, zote zikizungushwa na injini moja ya dizeli ya kupiga hendeli, na pipa la maji pembeni la kuipooza. Baba alinunua, alisaga, aliuza sembe na pumba. Mama alishika sanduku la hela na kaunta buku.

Siku hizi nikisikia mtu anasema "wewe umezaliwa kwenye biashara, ipo kwenye damu," huwa nacheka kimoyomoyo. Nilizaliwa kwenye biashara na bado duka langu la kwanza lilikufa ndani ya miezi 11. Nitafika huko.

Kwanza sanduku. Lilikuwa la mbao, lina kufuli dogo, na hela iliyoingia mle haikuwa ya baba wala ya mama. Ilikuwa ya mashine. Mama akitaka hela ya mboga alingoja jioni, baba amtolee kwenye posho yao waliyojipangia. Unga wa ugali wetu ulinunuliwa, kwa bei ileile ya mtaani. Mimi niliona ni ubahili tu, tena wa aibu. Mtoto wa fundi seremala analala kwenye kitanda cha bure, sisi tunalipia ugali!

Kilichonichanganya zaidi ni bibi mzaa baba. Alikuwa anakuja kila mwisho wa mwezi kutoka kijijini, anaondoka na ndoo nzima ya sembe. Kumwambia alipe? Thubutu. Baba alikuwa anamwinamia kumwamkia, anamjazia ndoo kwa mkono wake, anamsindikiza mpaka stendi na kumlipia nauli. Akirudi, kabla hajakaa, anatoa hela kwenye mfuko wa shati, anampa mama aiingize sandukuni. Siku moja nikamwuliza, mbona unajilipa mwenyewe? Akanijibu huku anafunga mkanda wa mashine, hata hakuniangalia: "Mashine haina mama. Mwenye mama ni mimi."

Nilikuwa na miaka 10 au 11. Sikuelewa, na sikuuliza tena.

Miaka miwili baadaye nikaiba. Shilingi 200, ya maandazi, siku ambayo mama alikuwa kliniki nami nimeachiwa sanduku. Nilijua baba hahesabu hela mchana, kwa hiyo nilikuwa na amani kabisa. Nisichokijua ni kwamba mwendesha mashine akimaliza kila debe alikuwa anapiga mstari wa chaki nyuma ya mlango, minne imesimama na wa tano unaikatisha. Kila siku nilikuwa naiona ile mistari na kudhani ni mchezo wake. Jioni baba akaenda nyuma ya mlango na tochi, akahesabu, akarudi, akafungua sanduku. Kimya. Nilisubiri fimbo, haikuja. Alinisogezea kaunta buku na kalamu, akaniambia niandike jina langu upande wa wadaiwa, na mbele yake 200. Nikakaa kwenye ukurasa mmoja na wateja waliokopa pumba. Nililipa kwa kufagia mashineni Jumamosi nne, shilingi hamsini hamsini, na kila Jumamosi mama alipunguza deni kwa wino mwekundu. Afadhali ningechapwa.

Sitaki mtu afikiri baba alikuwa malaika wa hesabu. Kuna mwaka alishika gunia 180 akisubiri bei, na dawa ya kuhifadhia akaweka kidogo ili kubana matumizi. Dumuzi wakaingia. Ukisimama karibu na stoo usiku ulikuwa unawasikia, kama mvua nyembamba juu ya bati. Kufikia Desemba gunia ukiliinua linatoa unga wenyewe kwenye matundu, na mahindi yakaishia kwa wafuga nguruwe kwa bei ya kutupa. Alikuwa na mkopo juu ya ule mzigo. Niliyaona mwenyewe baada ya miaka mingi, nikipekua kaunta buku za zamani: mwaka ule, upande wa wadaiwa, kwa mwandiko wa mama, "Baba, 640,000." Alichukua kwenye sanduku akalipa mkopo, kisha akajiandika. Chini yake marejesho ya wino mwekundu, elfu 20, elfu 30, kurasa na kurasa, karibu miaka miwili. Nikakumbuka kwamba ndiyo miaka ile alikuwa anavaa kandambili hadi kanisani, na mimi nilikuwa naona aibu kutembea naye.

Sasa duka langu. Mwaka 2014 nilikuwa nimeolewa, tunakaa Kimara, Dar es Salaam. Nikachukua fremu, nikaweka mtaji wa milioni 4: mchele, unga, maharage, mafuta ya kupima. Wateja walikuwepo. Sikuibiwa hata siku moja, wala sikukopesha ovyo, maana kwenye madeni ya nje nilikuwa mkali kama mama. Lakini kila nikienda soko la Tandale kununua mzigo, hela niliyobeba ilikuwa pungufu ya safari iliyopita. Mwanzo gunia kumi, kisha saba, kisha nne. Nilimshuku binti wa dukani, Mungu anisamehe. Nilimbadilisha, na hali ikabaki vilevile.

Usiku mmoja tukakaa mimi na mume wangu na kikokotoo cha simu. Mchele nilinunua kilo 1,600 na kuuza 1,800. Nyumbani tulikuwa watu saba, kilo 2 kwa siku, na tangu nifungue duka hatukuwahi kuununua. Kilo 2 ni 3,200 ya mtaji. Ili niirudishe ilibidi niuze kilo 16 kwa faida ya 200. Yaani kila siku wateja wangu kumi na kitu wa kwanza walikuwa wanapika chungu changu, kabla sijafikiria kodi ya fremu. Na hapo hatujagusa unga, mafuta, sukari, shemeji aliyepita akaondoka na kilo tano "za kuanzia maisha," wala vocha nilizokuwa nachukulia kwenye droo. Mume wangu akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe mwizi tunalala naye." Tulicheka, lakini mimi nililia baadaye.

Ndipo ile foleni ikanirudia. Ndoo kichwani, na baba akinirudishia chenji.

Nilifunga fremu wiki mbili. Mzigo uliobaki na zamu yangu ya mchezo wa wanawake wa mtaani vikanipa milioni 1 na laki 2. Nikanunua kaunta buku, nikajipangia posho ya 7,000 kwa siku, na nikatangaza nyumbani kwamba chakula kinanunuliwa. Watoto walizoea ndani ya wiki. Mume wangu alichukua kama mwezi, maana kumwambia mwanamume wa nyumba kwamba soda aliyokunywa dukani ni ya kulipia kunataka ulimi laini na siku nzuri.

Mtihani ulikuwa mama mkwe. Alikuja kututembelea na kukaa miezi miwili, na ana mkono wa kutoa: jirani akipita, "mpe kilo mbili za mchele, mwanangu, amefiwa." Nimwambieje? Ningemwambia "Mama, lipa," ndoa ingekuwa na ufa hadi leo. Siku ya tatu nikapima zile kilo mbili, nikampa yule jirani kwa mikono miwili na pole juu, na jioni nikatoa 3,600 kwenye posho yangu nikaitia kwenye droo. Nikaandika jina langu, si lake. Wiki ile posho iliisha Alhamisi, tukala dagaa mpaka Jumapili. Mama mkwe aliponiona nahesabu aliuliza ninachofanya, nikamweleza taratibu. Hakusema kitu. Ila tangu siku ile, akitaka kumpa mtu kitu, alikuwa anaita kwanza: "Mama, una kitu mkononi leo?" Na kuna siku nilimjibu sina, akatoa noti yake kwenye fundo la leso.

Mwaka 2016, sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka, ilipoua watu mikoa ya Dodoma na Manyara, wateja wakaanza kuuliza unga wangu unatoka wapi. Nikaacha kuchukua unga wa kuletewa, nikawa nanunua mahindi mwenyewe na kuyachambua kabla ya kusaga. Faida ikapungua kidogo na wateja wakaongezeka, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine. Ninachotaka kusema ni kwamba kwa mtaji wa kuokoteza nilifikisha tena gunia kumi mwaka wa pili, na duka lipo.

Baba alishafariki. Mashine anaiendesha mdogo wangu, sasa inatumia umeme, na hesabu zake zipo kwenye simu. Anasema kaunta buku ni ushamba. Desemba iliyopita nilikwenda, nikataka kilo 10 za dona za kurudi nazo Dar. Akajaza mfuko, akasema, "Chukua tu dada, mimi na wewe tena!" Kabla sijafungua mdomo, sauti ya mama ikatoka ndani, alikokuwa amelala na miguu yake inayomsumbua: "Alipe!"

Nikatoa noti. Mwendesha mashine akapiga mstari nyuma ya mlango, maana yeye chaki hajaiacha. Mdogo wangu akapapasa mifuko, akasema hana mia tano ya kunirudishia, atanitumia kwenye simu.

Mpaka leo hajaituma. Nimemwandika.