Siku Moja katika Colosseum ya Calumet
Kwa miaka mingi nilitamani kuuona ukumbi wa hoki ya barafu wa Calumet Colosseum, uliofunguliwa mwaka 1913 katika mji wa Calumet, jimbo la Michigan, Marekani, na mwezi Februari nikajaliwa kufika. Theluji ya rasi ya Keweenaw, ulipo mji huo, ni nyingi ajabu, kwa sababu upepo mkavu wa baridi huvuka Ziwa Superior, hubeba unyevu wa maji yasiyoganda, kisha huumwaga nchi kavu. Majira ya baridi ya 1978 hadi 1979 yaliacha inchi 390.4, karibu mita 10.

Shaba ndiyo iliyoujenga mji huu, na tangu mwaka 1904 Calumet na jirani yake Houghton walishiriki katika ligi ya kwanza iliyowalipa wachezaji wa hoki waziwazi. Migodi ilifungwa zaidi ya nusu karne iliyopita, lakini barafu ya Colosseum bado ina wenyewe. Nilisimama kando ya uzio, nikasikiliza vyuma vya viatu vya watoto vikiikwangua, sauti ambayo kwangu ilikuwa tukufu kuliko nilivyotarajia, na sikuondoka hadi mazoezi yalipokwisha.