Kijiji cha Hispania kilichorudishiwa jina lake

Hadi 2015, kijiji kidogo cha mkoa wa Burgos, kaskazini mwa Hispania, kiliitwa Castrillo Matajudíos. Msemaji wa Kihispania akilisikia anaelewa papo hapo: "ua Wayahudi". Linaloniuma ni kwamba maana yake ya asili ilikuwa nyingine kabisa.

Castrillo ni ngome ndogo. Castilla, eneo la Hispania kilipo kijiji hiki, ina vijiji vingi viitwavyo Castrillo, kwa hiyo kila kimoja huongezewa neno la kukitofautisha na vingine. Hapa nyongeza ilikuwa Mota de Judíos, yaani kilima cha Wayahudi. Walihamia hapo mwaka 1035 baada ya kushambuliwa na kufukuzwa Castrojeriz, mji wa jirani. Mwaka 1492 ikatoka amri ya kifalme: Myahudi abatizwe au aondoke Hispania. Kwenye hati ya karne ya 17 tayari tunasoma Matajudíos. Angalia kilichobadilika: "o" imekuwa "a", na "de" imemezwa. Basi!

Kwa hiyo ukichunguza jina la mahali, usiamini linavyosikika leo, hasa likieleweka kirahisi mno. Tafuta hati kongwe kuliko zote, linganisha tahajia karne kwa karne, kisha ikague ardhi. Pale kilima kipo hadi leo.

Tarehe 25 Mei 2014 wanakijiji walipiga kura: 29 walitaka jina libadilishwe, 19 walikataa. Mwaka uliofuata Castrillo Mota de Judíos likawa jina rasmi.